Sifuri Tatu Nilizofuta

Kerubo wangu,

Salamu nikuandikie za nini, na asubuhi tumegombania bafu moja? Nianze tu. Umeondoka saa nane kwenda Al Thumama kusukwa na Josefina, na kwa jinsi nywele zako zilivyojaa najua hutarudi kabla ya magharibi. Nimebaki na begi lako katikati ya chumba. Eyasii ya dirishani inadondosha maji kwenye beseni. Vyombo viko kwenye sinki na sina nguvu ya kuviosha. Leo ni Ijumaa, siku yangu ya kulala, na sikulala.

Mambo ya sweta, vyeti, dawa ya kifua na nani wa kumpigia ukikwama, nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, iko mfuko wa mbele. Barua hii si ya hayo. Hii utaifungua ukishakaa kwenye ndege na mkanda umefungwa. Nakujua, ukiisoma ukiwa hapa utaniuliza maswali, na mimi nitaanza kupika.

Kesho Lilian atakupokea. Utalala kwake Nakuru miaka yote ya chuo, chumba kimoja na binti yake Purity. Umekuwa ukimshukuru Mungu kwa ajili ya Lilian kwa sauti, mezani, nami nasema amina. Sasa sikiliza. Lilian alirudishwa nyumbani kutoka hapa Doha kwa kosa langu, na yeye hajui. Kwa miaka mitano ameamini kwamba aliyemsaliti ni Josefina, huyu huyu ambaye sasa hivi amekishika kichwa chako mapajani. Mimi najua si Josefina. Sijawahi kumwambia mtu.

Basi, limeshatoka. Mkono unaniuma kama niliyekuwa nikikamua mablanketi.

Niliamua kukuambia wiki iliyopita. Ulikuwa umelala kifudifudi na laptop yangu ya zamani, unanionyesha ukurasa uliowatengenezea wanakwaya. Nikakuuliza maneno yao ya siri unayahifadhi vipi. Ukanijibu bila kuinua uso, "Mathe, siku hizi hakuna stress. Unaeka tu laibrari, inajifanyia." Nikacheka. Kisha nikaenda bafuni nikafungua maji ili usinisikie. Ulidhani naoga.

Mimi neno hilo nililijua nikiwa mkubwa kuliko wewe. Chuo kile cha Kisii walitufundisha kurekebisha printa na kupanga barua kwenye kompyuta, basi. Hayo mengine nilijifunza hapa, ofisini, saa zile za mchana watu wakubwa wanapokwenda kupumzika na simu hazilii. Nikasoma kwamba kufunga maandishi yasisomwe na asiyehusika ni kazi ya watu waliobobea kwenye hesabu, na kwamba watu hao wameshaandika programu zao na kuziweka pamoja, nasi wengine tunazichukua, kama vile fundi anavyonunua kufuli dukani badala ya kujifulia moja mwenyewe. Hizo ndizo laibrari. Kanuni ya kwanza niliyoisoma ilikuwa usijitengenezee kufuli. Kanuni hiyo niliishika. Ndiyo maana kwa muda mrefu nilijiona sina kosa.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoanzisha Sanduku. Unakumbuka wanawake waliokuwa wakija hapa Ijumaa baada ya ibada, wanakaa kwenye kitanda chako wewe ukinuna? Pasipoti zao zilikuwa kwa waajiri. Mkataba waliotia sahihi nyumbani ulisema hivi, waliopewa hapa ulisema vile, na mwenye karatasi zote mbili alikuwa mwajiri. Simu zao wakati mwingine zilikaguliwa. Nikawaza, kama kungekuwa na mahali kwenye mtandao ambapo kila mmoja anaweka picha ya karatasi zake na maelezo yake, anafunga kwa neno la siri analolijua yeye peke yake, hata mimi siwezi kufungua. Siku akipata nafasi ya kwenda ofisi ya kazi, anafungua, anachapa, anakwenda na ushahidi mkononi.

Lilian ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka vitu vyake. Alifanya kazi nyumba moja kule Al Rayyan, analea watoto wanne. Josefina alikuwa mpishi wa nyumba hiyo hiyo. Mkenya na Mganda, walilala chumba kimoja kidogo nyuma ya jiko wakasikilizana kuliko ndugu. Ukimwona mmoja Ijumaa, mwingine yuko nyuma anabeba mkoba.

Sasa, programu lazima ikae mahali. Mashine ya kukodi peke yangu sikuiweza. Nikapata jukwaa la bure mtandaoni. Hukukifikia chumba changu cha kwanza cha Al Mansoura, lakini nimekusimulia: vitanda sita, na mwenye nyumba amebandika masharti mlangoni, usipigilie msumari, usikaange samaki, wageni mwisho saa tatu. Jukwaa lile lilikuwa hivyo hivyo. Nyumba si yako, umepewa kitanda. Laibrari nzuri za kufunga maandishi, zile zenye mbio, zilihitaji kupandikizwa kwenye mashine yenyewe, na jukwaa lilikataza. Hakuna msumari. Ungeweza kuleta tu programu iliyoandikwa kwa ile lugha moja waliyoiruhusu. Na ukurasa wowote ukichelewa zaidi ya nusu dakika, wanaukata katikati.

Nikatafuta, nikapata laibrari iliyoandikwa kwa lugha hiyo tupu. Ilikuwa sahihi. Nililinganisha majibu yake na mifano ya wenyewe, mmoja baada ya mwingine, yakalingana. Ila ilikuwa nzito kama punda mwenye mimba.

Uzito ulikuwa mahali pamoja, na ndipo nilipokosea, kwa hiyo nisomee polepole. Neno la siri la mtu huwa jepesi, jina la mtoto, jina la mji. Laibrari hulichukua neno hilo ikalisaga, halafu ikausaga ule unga, halafu unga wa unga, mara elfu ishirini, ndipo ufunguo wenyewe unatoka. Mwenye sanduku anasubiri mara moja, anaingia. Mwizi anayekisia lazima asage upya kwa kila jina analojaribu. Kusaga huko hakumzuii. Kunamchosha. Hiyo ndiyo kazi yake yote, Kerubo, kumchosha mtu mbaya mpaka aache, au mpaka achelewe.

Kwenye jukwaa lile, kusaga mara elfu ishirini kulikula sekunde ishirini na kitu. Siku mbaya kulipita nusu dakika, ukurasa unakatwa, mtu anaanza upya. Ijumaa moja nje ya kanisa Lilian akanivamia mbele ya watu.

"Mama Kerubo, hilo sanduku lako limekula pilau? Nimebonyeza, nimekwenda kubadilisha mtoto, nimerudi, bado linazunguka!"

"Nyabo, bibi wewe, muache," Josefina akamwambia Lilian. "Sanduku ni la Mkenya hilo. Lazima liombe chai kwanza."

Tukacheka wote. Lakini Lilian alinivuta kando baadaye. Akasema, "Mimi nina dakika kumi tu za simu, watoto wakilala mchana. Nikikatwa mara mbili, siku imeisha. Nifanyie kitu, dada."

Wiki ile ulikuwa na tetekuwanga. Nilikuwa nakupaka dawa usiku, naingia kazini alfajiri, na jioni nasafisha ile kliniki niliyokuwa nasafisha wakati ule. Nakutajia hilo si ili ulibebe. Mtoto akiugua hana kosa. Nakutajia ili ujue nilikuwa katika hali gani nilipofungua programu, nikaenda kwenye ule mstari ulioandikwa elfu ishirini kwa tarakimu, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Mara tatu. Ikabaki ishirini. Pembeni, mahali ambapo sisi huandika maelezo ya kujikumbusha, nikaandika neno moja: nitarudisha.

Ukurasa ukafunguka kama mlango wa friji. Kesho yake Lilian akanitumia ujumbe, "Sasa umetengeneza!" Sijui kama nimewahi kulala vizuri kama siku ile.

Sikurudisha. Miezi minne ule mstari ulikaa hivyo. Kila nilipopita nililiona lile neno, na kila nilipoliona nilihisi kama kazi imeshaanza, imebaki kumaliziwa tu. Ni neno baya kwa sababu hiyo. Linakupa shukrani ya kazi ambayo hujaifanya.

Kosa la pili lilikuwa la kawaida zaidi. Niliogopa jukwaa lingenifungia bila taarifa, kwa hiyo kila mwezi nilishusha nakala ya masanduku yote nikaitia kwenye flashi, na programu yenyewe humo humo. Jumatatu moja nikaenda kuchapa fomu zako za shule kwenye duka la fotokopi pale Al Mansoura, nikaiacha imechomekwa. Nilipokumbuka sikuhangaika hata kidogo. Nikajiambia, hata wakiiona, imefungwa. Jumatano mwenye duka akanirudishia akiwa ameifunga kwa raba pamoja na kalamu yangu. Nikamshukuru.

Duka lile kila mtu alilitumia. Hata yule mtu wa wakala wa ajira aliyewaleta kina Lilian alikuwa akichapa mikataba yake pale. Majina ya wenye masanduku sikuyafunga, yaliandikwa wazi juu ya kila sanduku, kama majina kwenye masanduku ya posta. Sijui kama alifungua yeye mwenyewe au alikuwa na mtu. Haikuhitaji bingwa.

Alhamisi hiyo simu ikalia nikiwa ofisini. Lilian. Nyuma yake nasikia matangazo ya uwanja wa ndege, ule wa zamani, huu mpya ulikuwa haujafunguliwa.

"Mama Kerubo, wananirudisha."

"Wanakurudisha wapi?"

"Nyumbani. Nina mfuko wa nailoni, hata viatu vyangu vingine vimebaki. Mtu wa wakala alikuja na karatasi amechapa, wakanisomea maneno yangu mwenyewe mbele ya watoto. Ijumaa kumi na moja sijapumzika. Jumapili nitakwenda ofisi ya kazi. Neno kwa neno, Mama Kerubo. Walijua Jumapili."

Nikainuka, nikafunga mlango wa ofisi.

"Niliandika kwenye sanduku lako, basi. Na Josefina pekee ndiye hukaa karibu nikiandika, anajua mpaka neno langu la siri. Sasa niambie, lile sanduku laweza kufunguka bila neno? Wewe ndiye ulilitengeneza."

Nilikuwa nimeshaiona ile raba akilini. Nilijua. Sikuwa na hakika, lakini nilijua.

Nikasema, "Halifunguki."

"Basi ni Josefina," akasema, na simu ikakatika.

Kerubo, yale mambo ya sifuri mtu angeweza kunisamehe siku hiyo hiyo. Hili neno moja ndilo nimelibeba.

Jioni ile nilifanya nilichopaswa kufanya miezi minne kabla. Nikachukua flashi, nikaandika programu ndogo ya kukisia. Niliipa majina ya watoto wa kwetu, yote niliyoweza kuyakumbuka, kwa mpangilio wa herufi, na tarakimu mbili nyuma ya kila jina. Nikamwaga chai kikombeni. Kabla haijapoa ya kunyweka, sanduku la Lilian lilikuwa wazi mbele yangu. Purity, na mwaka wake wa kuzaliwa. Nikaona picha za mikataba yake miwili, na orodha ya zile Ijumaa.

Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenilazimisha. Nikatengeneza sanduku la mfano, neno la siri lile lile, sifuri tatu zikiwa mahali pake, nikaiacha mashine ikisie majina yale yale. Nikaenda kazini, nikarudi, nikapika, ukala, nikaenda kazini tena. Siku ya tatu ilikuwa bado kwenye herufi D.

Sisemi asingefika. Angefika. Lakini Lilian hakuhitaji maisha yote. Alihitaji mpaka Jumapili.

Nimewaza hilo nikiwa nasubiri basi, nikiwa napiga deki, nikiwa kanisani. Zile sifuri ziliwekwa pale ili mwizi achoke. Nikachoka mimi kwanza.

Kuna kitu kingine nitakuambia kwa sababu utaingia kwenye kazi hii. Mwezi mmoja baadaye, nikiwa nafunga Sanduku kabisa, ndipo niliposoma masharti ya jukwaa mpaka mwisho. Ukurasa mrefu, Kiingereza cha kisheria, mara zote niliishia katikati. Chini kabisa palikuwa na orodha fupi ya laibrari ambazo wao wenyewe wameshazipandikiza kwenye mashine, yeyote azitumie. Ile yenye mbio ilikuwemo. Ilikuwa pale siku zote. Mwenye nyumba alikataza misumari, lakini alikuwa amepigilia yake ukutani, nami sikuwahi kuinua macho.

Wanawake wengine niliwaambia jukwaa limebadilisha masharti, wabadilishe maneno yao yote ya siri, watoe vitu vyao. Hakuna aliyeuliza zaidi. Waliniamini. Mama Kerubo anajua kompyuta.

Na Josefina? Josefina wakamwita Redio. Akipita, mtu anasema, "Zima maneno, Redio iko hewani." Kanisani benchi lake likawa na nafasi pande zote mbili. Ndiyo maana aliacha ile kazi ya Al Rayyan akahamia Al Thumama, si kwa sababu ya mshahara kama ulivyosikia. Siku moja alinifuata mpaka kwenye bomba la maji, akanishika kiwiko.

"Mama Kerubo, na wewe waamini?"

"Mimi siamini," nikamwambia.

Ilikuwa kweli. Kweli ya mwizi. Akanikumbatia akalia, akasema Mungu anibariki, mimi peke yangu ndiye nimemwamini. Alinishukuru, Kerubo. Nikasimama pale nikashukuriwa.

Umeniuliza mara ngapi mbona nampenda Josefina kiasi hiki, mbona kila sikukuu sahani yake inatoka kabla ya yetu. Nampenda, ni kweli. Lakini sahani zile nyingi zilikuwa zinaogopa.

Na Lilian naye alipofika nyumbani hakunichukia, alinipenda zaidi. Aliponisikia natafuta mahali pa wewe kukaa, hakuniacha nimalize sentensi. "Mtoto wako ni wangu. Wewe ndiye pekee huko uliyenitendea mema." Nikasema asante. Unaona jinsi neno moja linavyozaa? "Halifunguki," halafu "siamini," halafu "asante." Yote ni maneno ya adabu.

Huko uendako watakupa kazi mahali penye masharti. Kila mahali pana masharti. Utaambiwa hiki hakiruhusiwi, muda ni huu, mashine ni hii, na watu watakuwa mlangoni wanalalamika kwamba kitu chako ni kizito, na watakuwa na haki. Sina ushauri mkubwa. Masharti yalikuwa ya kweli, usingizi ulikuwa wa kweli, dakika kumi za Lilian zilikuwa za kweli. Na kidole kilikuwa changu. Ningeweza kumwambia Lilian, sasa hivi sanduku ni jepesi lakini kufuli ni dhaifu, chagua. Angechagua mwenyewe. Sikumwambia kwa sababu nilitaka anisifu.

Ukichoka, sema umechoka. Mimi sijui kusema. Nilidhani mama asiyechoka ndiye mama. Sasa ninaandika hivi nikiwa na miaka thelathini na sita, na mgongo wa bibi yako.

Sasa nikuombe jambo. ~Ukishafika na kuzoeana na Lilian, umtafutie siku nzuri, jioni akiwa ametulia, umweleze taratibu haya niliyokuandikia. Wewe anakupenda, atakusikiliza.~

Huo mstari nimeukata, lakini nimeuacha uonekane ili uusome. Nimeusoma mara mbili. Ni mimi yule yule. Kazi ni nzito, nimechoka, basi naipunguza upande wangu na mzigo unamwangukia mtu ambaye hajaambiwa. Safari hii ni wewe, na kitanda chako ndicho kilichoko hatarini. Ukienda kulala kwa Lilian ukiwa unajua na yeye hajui, utakuwa umekuwa kama mimi kabla hata hujafungua begi. Na nikisubiri aambiwe na mtu mwingine, atakutoa nje ya nyumba akiwa na haki.

Naweka kalamu. Nampigia sasa hivi, kabla sijapata sababu.

*

Nimerudi. Chai imepoa. Nitakuandikia kama ilivyokuwa.

Akapokea kwa furaha. "Mama Kerubo! Nimeshatandika. Purity amehamia kitanda cha juu, anasema mgeni asipande ngazi siku ya kwanza."

Nikamwambia, Lilian kaa chini. Akasema amesimama jikoni, niseme tu. Nikasema. Sikuanza na jukwaa wala tetekuwanga. Nilianza na "Nilikudanganya ulipokuwa uwanja wa ndege." Mengine yakafuata. Nilipofika kwenye flashi nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Miaka mitano," akasema.

"Ndiyo."

"Na nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Nikakuuliza waziwazi, Mama Kerubo, nikiwa na mfuko wa nailoni mkononi, wewe ndiye ulilitengeneza, laweza kufunguka?"

"Uliniuliza, Lilian. Nikasema halifunguki."

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Unajua nilimwandikia Josefina nini? Nilimwandikia kwamba popote atakapoomba maji, anyimwe. Hakujibu. Nikaonyesha watu, oneni, amenyamaza, ni yeye."

Nikamuuliza kama nikutafutie mahali pengine pa kukaa, nikamwambia nitaelewa.

"Mtoto anaingiaje hapo?" Alinikaripia kweli kweli, kama unavyokaripiwa na mama mkwe. "Ndege inatua saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Nitakuwa pale na Purity. Wewe usinipigie kesho. Usinipigie kesho kutwa. Nitakupigia mimi, siku nitakayoweza kuisikia sauti yako."

"Sawa."

"Josefina yuko wapi sasa?"

"Al Thumama. Anamsuka Kerubo."

Akatoa sauti. Kama ni kicheko au ni kilio, sijui mpaka sasa. "Mpelekee simu. Leo. Lakini umwambie wewe kwanza, kwa mdomo wako, yote. Usimwachie mimi sehemu. Ukimaliza ndipo unipigie, umpe. Basi nina jambo la kumwomba."

Kwa hiyo naondoka. Teksi iko chini, inapiga honi. Barua hii nitaitia kwenye begi kabla sijatoka, maana nikirudi sijui nitakuwa mtu wa namna gani.

Utaniona mlangoni kwa Josefina na hizi kandambili za nyumbani, utadhani umesahau kitu. Nitakuomba utoke nje kidogo, kichwa nusu kikiwa kimesukwa, na utanikasirikia mbele ya watu. Kasirika tu. Utakuwa umeshayaona yote hayo utakapofika mstari huu, nami sasa hivi bado sijayaona. Pengine Josefina atachukua kitana chake aingie ndani afunge mlango, akuache vile vile. Ana haki hiyo. Kama ndivyo ilivyokuwa, natumaini ulijifunga kitambaa ukanyamaza, na kwamba sasa umekaa hapo umejifunga, na hujamsema vibaya.

Lakini kama alirudi kukaa nyuma yako akamalizia, mikono ilikuwa inamtetemeka. Pitisha kidole polepole upande wa pili wa kichwa. Ukipata msuko uliolegea, usiufumue. Fika nao kwa Lilian hivyo hivyo, auone.

Ni mimi,
Mama